Mwaka Niliokula Chakula cha Maricel

Maricel alinipigia simu Jumanne kunialika kwenye arobaini ya mama yake. Yeye hakuiita arobaini, maana Kiswahili chake ni maneno manne niliyomfundisha mwenyewe, na mawili kati ya hayo hayafai kutajwa mbele za watu. Alisema Jumamosi itakuwa siku ya arobaini tangu Mama aondoke, tutasali kidogo kisha tutakula, uje na tumbo tupu. Nilipokata simu nikabaki nimeishika mkononi. Wafilipino husali siku tisa baada ya maziko, halafu hukutana tena siku ya arobaini. Wameksiko nao wana tisa zao. Sisi watu wa Tanga tuna khitma, na arobaini yetu tunaijua. Nani alimwiga nani sijui, wala sijasoma vya kutosha kusema, lakini kote huko watu wakimaliza kumwombea maiti wanakaa chini wanapewa chakula. Nina miaka hamsini na minne sasa, naishi Mount Dennis, hapa Toronto, kwenye fleti ambayo treni ya uwanja wa ndege huitikisa vikombe, na jioni ile nilikaa nikaukumbuka mwaka mmoja tu. Ni mwaka ambao nilikula chakula kisichokuwa changu, siku baada ya siku, na mwenye nacho akinitazama usoni.

Nyumba tuliyokaa mwaka huo ilikuwa Weston, mtaa wa nyuma ya reli, ya matofali, imeinama kidogo upande wa mto Humber. Mwenye nyumba alikuja mara moja kwa mwezi na hakuvua viatu. Juu kulikuwa na vyumba vitatu. Chumba kikubwa alikipanga Luz, Mfilipino aliyekuwa akihudumia wazee majumbani kwao katikati ya mji. Cha kati kilikuwa cha Consuelo, Mmeksiko wa Puebla, mjane, aliyesafisha maofisi Downsview kuanzia saa kumi na moja jioni. Kidogo, chenye dirisha lisilofunga sawasawa, kilikuwa changu. Luz nilimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, kwa sababu alinizidi miaka kumi na minne na sikulelewa kumtaja mtu jina kavukavu. Consuelo nilimwita Mama Chelo, naye akaniita binti yangu kwa Kihispania bila kuniuliza kama nina mama. Jiko lilikuwa moja, chini, na friji moja yenye rafu tatu. Juu ya kabati, peke yake, zilikaa sufuria yangu na sahani yangu. Ate mwenyewe ndiye aliyezitenga siku niliyohamia, aliponiona nimejifunika kichwa, akasema hizi hazitaguswa na nguruwe wa mtu. Aibu ni kwamba sufuria ile sikuwa na la kuifanyia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mwanamke wa Tanga asiyejua kupika ni kioja, ila ndivyo nilivyokuwa. Nilikula mkate na mayai, na Jumapili, kwa kubadilisha, mayai na mkate.

Basi nilikaa kwenye kiti cha kona nikawatazama wenye kujua. Ukiwaona kwa mbali ungeapa wanapika kitu kimoja. Walikwenda duka lile lile la Wavietnamu, wakarudi na mifuko ile ile: majani ya mgomba yaliyogandishwa, ukwaju, vitunguu saumu vya kutosha kuoza. Nchi zao zote mbili zilitawaliwa na Mhispania, na wote wawili walipika kastadi ya mayai yenye sukari iliyounguzwa chini, wakaiita kwa jina moja, kisha wakabishana. Ate alitia viini vitupu akaipika kwa mvuke, Mama Chelo alitia yai zima akaipeleka ovenini, na kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu aliyesoma darasa la kwanza akaacha. Ukisogea karibu ndipo unaona njia zinapoachana. Ate alianza karibu kila kitu na siki. Kuku, siki, sosi ya soya, vitunguu saumu, pilipili manga nzima, akaweka motoni na kukaa mbali. Siki ikishamiminwa haikorogwi mpaka ichemke, la sivyo inabaki mbichi kinywani; siku moja nilipita nikakoroga kwa wema wangu, akaninyang'anya mwiko na hakuniambia neno mpaka kesho yake. Mama Chelo alianza kila kitu kwa kuunguza. Nyanya, vitunguu, pilipili kavu, vyote vililala kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta mpaka vikawa vyeusi, kisha akavisaga na weusi wake. Kwa Ate, kitu kilichoungua ni aibu ya mpishi, hivyo alifungua dirisha hata kama nje theluji ilifika kwenye vioo, na sote tukatetemeka kwa ajili ya nyanya mbili.

Kwenye wali walikuwa mbali zaidi. Ate aliosha mchele, akapima maji kwa pingili ya kidole, akapika bila chumvi wala mafuta. Mama Chelo aliukaanga mchele kwanza, akautia nyanya na supu, nikaona huu ni ndugu wa pilau aliyekosa bizari. Ate aliuonja mara moja akasema wali wenye chumvi ni wali usiouamini mchuzi. Sufuria ya Ate ikibaki na ukoko tuligombea mimi naye, kwa vijiko, na Mama Chelo akatutazama kwa huruma kama watu tuliokulia njaani. Ukwaju mmoja aliutia kwenye supu ya samaki, mwingine akaunywa na sukari. Lakini jambo moja walikubaliana bila kujua kwamba wanakubaliana, na nililiona kwa sababu hata kwetu liko: chakula hakimaliziki jikoni. Mezani kwa Ate kulikuwa na kibakuli cha siki na pilipili, na chupa ya mchuzi wa samaki unaoitwa patis. Mezani kwa Mama Chelo kulikuwa na salsa na ndimu. Mlaji anamalizia mwenyewe, na mpishi hakasiriki. Kwa miaka miwili waliishi hivyo, kila mmoja na zamu yake ya jiko na rafu yake ya friji, wakisalimiana vizuri na bila kuonja chungu cha mwenzake zaidi ya ile mara moja ya wali.

Februari Maricel, binti wa Ate, alifika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yake alikuwa amemwacha akiwa na minne. Kwa miaka saba Ate alitunza wazee wa watu hapa Toronto na kutuma fedha nyumbani, akingojea karatasi za kumleta mtoto. Karatasi zilipotoka, bibi aliyemlea mtoto, mama mzazi wa Ate, akawa amekwisha kufariki na kuzikwa bila Ate kuwapo. Mtoto alishuka kwenye ndege amevaa sweta la kuazima. Ate alikuwa amepika siku mbili. Mkia wa ng'ombe kwa sosi ya karanga, kuku wa siki, tambi za maisha marefu, vyakula vya harusi na ubatizo, meza ikajaa mpaka mkate wangu ukakosa pa kukaa. Maricel alikaa, akasali, akala wali mtupu na chumvi, akasema ahsante. Hakusema ahsante mama. Hakumwita kwa jina lolote, wala siku ile wala kwa miezi iliyofuata. Akimhitaji alingoja mpaka amtazame. Usiku wa pili ikawa hivyo, na wa tatu. Ate alibadilisha vyakula, na kila alipobadilisha alipanda daraja, kitu cha sherehe zaidi, kana kwamba mtoto alikuwa akidai karamu kubwa. Nikamkuta amesimama kwenye sinki akifuta sahani iliyokwisha kukauka. Akaniambia, "Miaka saba nimewalisha mama za watu kwa kijiko. Wangu akikataa mkono wangu, basi nilikuja kufanya nini?" Nikamsaidia kufuta.

Ate alitoka kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mimi zamu yangu ya kufunga maboksi kwenye ghala Downsview ilianza saa tatu, na shule ilikuwa njiani kwenda kituo cha basi, hivyo nikaombwa nimsindikize mtoto. Kila alfajiri Ate aliacha mezani bakuli la plastiki lenye mfuniko, chakula cha mchana cha Maricel. Siku ya kwanza tulipofika kona ya shule alilisogelea pipa la taka, akafungua mfuniko. Mimi nimelelewa kwamba chakula hakimwagwi. Punje ya wali ikianguka tuliiokota, na bibi yangu akituambia itatushtaki. Kabla sijafikiri nikasema, "Usimwage, lete hapa." Akaniangalia, akanipa. Nikampa mkate wangu na mayai badala yake, naye akautia mfukoni akaingia getini. Jioni nilirudisha bakuli limeoshwa. Ate akaliinua, akaona tupu, akaniuliza, "Amekula?" Nikamwambia, "Bakuli tupu." Nilijisifu moyoni kwamba sikusema uongo. Kesho yake Maricel alifika kwenye kona akaninyooshea bakuli bila mimi kusema kitu.

Ndivyo nilivyojifunza upishi wa Kifilipino, kwa kula barua ya mtu mwingine. Naweza kukuambia kwamba kuku wa siki ni mtamu zaidi siku ya pili, kwamba samaki wa tangawizi anataka wali uliopoa, kwamba kuna mboga chungu ambayo kijiko cha kwanza unaichukia na cha tano unaitafuta. Ghalani nilikaa na Njeri, Mkenya, aliyekuwa akinitania kwamba nimeanza kung'aa ngozi. Siku za nyama ya nguruwe bakuli lilikuwa lake, akalamba vidole. Yeye ndiye aliyesema jambo la maana, akiwa bado anatafuna: "Rukia, hii food ni ya mtoto wa mtu, bana. Siku mamake akijua utasema aje?" Nikamwambia nisingekula kingetupwa. Akasema sawa, lakini sauti yake haikuwa ya sawa. Na siku hizo za nguruwe nilikuwa na kazi nyingine. Sisi tumefundishwa chuoni kwamba chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na kesho yake ningekula mimi kutoka bakuli lile lile. Nje ardhi ilikuwa imeganda kama sakafu. Udongo niliupata kwenye chungu cha ua kilichokaa nje ya ofisi ya msimamizi, nikachota kidogo, nikaenda msalani nikasugua, nikasuuza, mara saba kamili, huku Njeri akilinda mlango na kucheka mpaka akakaa chini.

Wiki ya tatu niliumwa nikabaki nyumbani, ndipo nikajua mtoto anaishi kwa nini. Saa tisa na nusu Maricel aliingia, akavua buti, akaenda moja kwa moja jikoni ambako Mama Chelo alikuwa na sufuria kubwa ya supu: nyama ya muundi pamoja na mfupa wake, mahindi yaliyokatwa vipande, kabichi, viazi. Hakukuwa na kilichounguzwa wala kilichokaangwa, ni maji, mfupa na saa tatu za moto mdogo. Mama Chelo alimwekea kotmiri na ndimu. Maricel akazitoa kotmiri moja moja akazipanga ukingoni, kisha akala. Alikula kama mtu aliyetoka safari, bila kuinua kichwa, akafyonza uboho, akaomba tena. Aliponiona mlangoni aliganda. Nikamuuliza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga kwa nini hii na si zile. Akaniambia kwamba hii ni ya Lola, bibi yake; Lola alipika hii kila siku, kasoro yeye alitia patis na ndizi. Mama Chelo akasema supu hii haina kwao hata siku maalumu, ni ya Jumatano mtu akiwa amechoka. Nami nilikaa pale na mafua yangu nikaelewa kila kitu, na nikanyamaza. Ate alikuwa akipika karamu ili kumwonyesha mtoto kwamba miaka saba haikwenda bure. Mtoto alikuwa anataka Jumatano.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza zaidi ya mara moja. Nilijiambia kwamba kumwambia Ate mwanao anakula kwa jirani ni kumchoma kisu, na hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilikuwa na njaa, na si ya tumbo tu. Kulikuwa na mtu anaamka saa kumi alfajiri, anakata tangawizi nyembamba, anapanga wali upande mmoja na mchuzi upande wa pili ili visilowane, na mimi ndiye niliyefungua mfuniko. Machi nguruwe akakoma kwenye bakuli. Nikadhani ni Kwaresima yao, nikashukuru. Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita, nguruwe hakurudi, nami sikuuliza. Mtu akipata nafuu haulizi imetoka wapi. Ate naye akaacha kuniuliza kama amekula. Aliliinua bakuli, akalitazama, akaliweka. Kiangazi shule zikafungwa, na bakuli likawa linaachwa kwenye friji. Maricel hakuligusa, na mimi nikaendelea kulichukua nikipita. Hapo sikuwa tena na kisingizio cha pipa la taka. Mama Chelo aliniona mara nyingi nikilitia kwenye mkoba, akaendelea kusuka nywele zake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Desemba Mama Chelo alikuwa na tamale mia, vifurushi vya unga wa mahindi vinavyopikwa ndani ya majani, za kupeleka kanisani kwa sikukuu ya Bikira wao. Jumamosi ile Ate hakuwa kazini, na kwa mara ya kwanza sote wanne tukawa jikoni kwa kazi moja. Mimi nilipewa majani ya mgomba, kwa sababu unga wake ulikuwa na mafuta ya nguruwe. Zangu ishirini alizikanda mbali, kwa mafuta ya mahindi, akazifunga uzi mwekundu. Nilipolipitisha jani la kwanza juu ya moto ili lilainike, Ate akaniambia pole pole, litapasuka, na Mama Chelo akasema hivyo hivyo kwa wakati mmoja. Tukacheka. Wote watatu tulikuwa tumefundishwa jambo lile na wanawake wasiopata kuonana. Ate alikunja kwa pembe kali, kama wanavyokunja wali wa nazi kwao. Mama Chelo akamsifu, halafu akatuambia masharti: tamale zikiwa motoni hakuna kugombana wala kuweka kinyongo karibu na chungu, maana zitakataa kuiva. Tulipanga, tukafunika, tukangoja. Saa mbili zikapita. Akafungua moja, unga ukaganda kwenye jani, mbichi. Nusu saa nyingine, mbichi. Saa nyingine nzima, mbichi vile vile.

Mama Chelo akaweka kijiko mezani. "Humu ndani kuna mtu ana kitu moyoni," akasema. "Akitoe, au nitakwenda kwa Bikira mikono mitupu." Hakunitazama mimi, alitazama chungu. Mimi ni mtu wa pwani, mambo ya namna hiyo sikufundishwa kuyacheka. Nikasema, "Ni mimi. Ate, chakula cha Maricel nakila mimi. Tangu Februari. Chote."

Ate alikuwa na jani mkononi. Aliendelea kulikunja, pembe moja, pembe ya pili, akalifunga uzi. "Najua," akasema. "Siku za kuku bakuli lilirudi limeoshwa kwa maji. Siku za nguruwe lilirudi na mchanga kwenye mfuniko. Nikajiuliza ni mtoto gani wa Kikatoliki anayeosha vyombo kwa udongo. Nikaacha kuweka nguruwe."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilimuuliza, nikiwa nimeanza kulia, kwa nini basi aliendelea kupika miezi yote ile. Akasema kwamba kutoka mlangoni mpaka kona ya shule Maricel alikuwa anakibeba chakula chake, kila siku, na hakutaka aache kukibeba. Kisha akasema, "Na wewe ulikuwa mwembamba."

Hapo ingeweza kuisha, na labda mimi ningepona mapema. Lakini Maricel, aliyekuwa kwenye kiti cha kona akikata nyuzi, aliinuka. Alikuwa ameshika mkasi kwa mikono miwili. Akasema kwamba yeye anakula supu ya Tita Chelo, ndivyo alivyomwita Mama Chelo, kila siku baada ya shule. Akasema ni supu ya Lola. Hili Ate hakulijua. Nilimwona likimfika. Alikuwa amebeba la bakuli miezi tisa bila kuyumba, na hili likamkalisha chini. Akauliza supu gani, ile ya mfupa, ya mahindi na kabichi? Maricel akatikisa kichwa kukubali. Ate akacheka kicheko kibaya, kifupi. Alisema supu ile ndiyo aliyoikimbia. Aliila kila siku ya utoto wake, kwa sababu hapakuwa na kingine, na aliapa kwamba mtoto wake hataila. Alizungumza akimtazama Mama Chelo, na kwa dakika moja niliamini kwamba watagombana, na kwamba nyumba yetu imekwisha. Mama Chelo alikwenda kwenye friji, rafu yake, akatoa sufuria ya supu ya juzi akaibandika motoni pembeni ya chungu cha tamale.

Ilipochemka Maricel akapakua mwenyewe. Hakutia kotmiri. Alifungua rafu ya mama yake, akatoa patis, akamimina, akakamua ndimu, akaonja kwa ncha ya kijiko. Akatia tena patis, akaonja tena. Sisi watatu tulisimama tukimtazama kama watu wanaongoja hukumu. Akaibeba ile sahani kwa uangalifu akaiweka mbele ya Ate, akasema, "Kula, Nanay." Nanay ni mama. Ate alichukua kijiko, na mkono wake, ule uliolisha wazee wa mji mzima bila kumwaga, ulimwaga tone mezani. Alikula kijiko cha kwanza. Akafumba macho.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Lola pia alizidisha," Maricel akajibu.

"Alizidisha," Ate akasema, "siku zote alizidisha," na hapo akamlilia mama yake kwa sauti, kilio kilichokuwa kimengoja zaidi ya mwaka, huku akiendelea kula, kijiko na chozi, kijiko na chozi, mpaka sahani ikaisha. Maricel hakumkumbatia. Alisimama karibu yake akahakikisha amemaliza, kama wafanyavyo mama wote ninaowajua. Kisha akamuuliza kama anataka tena. Tamale ziliiva baada ya dakika ishirini. Miaka mingi baadaye, kabla Mama Chelo hajarudi Puebla kuzeekea kwa ndugu zake, aliniambia kwamba moto ulikuwa mdogo tu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiupunguza.

Watu wakinisikia nikisimulia hudhani siku ile nilifurahi tu. Nilifurahi. Lakini usiku nilipanda chumbani kwangu nikahesabu kilichonipata, nikaona kwamba nimeachishwa ziwa nikiwa na miaka ishirini na minne. Jumapili Ate alichemsha muundi, Maricel akamsimamia akimwambia lini atie kabichi, na ndizi zikatafutwa mpaka zikapatikana. Mimi nilikaanga mayai yangu. Mla cha mwenzio na chako huliwa, wahenga walisema, ila mimi sikuwa na changu cha kuliwa, nilikuwa na aibu tu na tumbo lililozoea vibaya.

Jumatatu tulitoka kama kawaida. Mezani lilikuwapo bakuli, maana supu haibebeki shuleni, na Ate alikuwa amepika kuku wa siki. Maricel alilibeba. Tulitembea, theluji ikilia chini ya buti. Tulipofika kwenye kona mkono wangu ukanyoosheka wenyewe, kwa mazoea ya miezi kumi, nikauvuta nyuma haraka nikajifanya natengeneza glavu. Maricel aliona. Alisimama akafikiri. Akafungua mfuniko pale pale kwenye baridi, mvuke ukatoka, akachagua kipande cha kuku kwa vidole vyake akanipa, kisha akafunga, akalikumbatia bakuli kifuani akaingia getini bila kugeuka. Nilikila nimesimama, kengele ya shule ikilia. Kilikuwa kidogo, na nilikitafuna taratibu, kwa sababu katika chakula chote nilichokula mwaka ule, hicho ndicho alichonipa kwa sababu alijua ni kitamu.